Kutengeneza kipimo cha kingamwili za brusela: mwongozo wa maabara, hatua kwa hatua

Mgonjwa anafika hospitali ya wilaya na homa ya wiki tatu. Jioni inapanda, asubuhi inashuka. Viungo vinauma, kiuno kimekaza, jasho la usiku linalowesha shuka. Dawa ya malaria ameshameza mara mbili. Katika utafiti uliofanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa, madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, lakini malaria ikathibitika kuwa chanzo cha homa kwa watu 14 tu. Miongoni mwa homa zilizojificha nyuma ya jina hilo zilikuwamo zile zinazotoka kwa mifugo na wanyama wengine: leptospira, homa ya Q, riketsia, na brusela.

Brusela ndiyo ninayoishughulikia hapa. Wafugaji wanaijua kwa upande wa ng'ombe na mbuzi kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huingia kupitia maziwa mabichi, kondo la nyuma la mnyama aliyezaa au kutupa mimba, na damu ya machinjioni. Kumwotesha bakteria mwenyewe kutoka kwenye damu huchukua siku nyingi, na mara nyingi haoti hata kama yupo. Ndiyo maana tunarudi kwenye kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu aliyeingia. Wazo si jipya: David Bruce alimpata bakteria huyu Malta mwaka 1887, na kufikia mwaka 1897 Almroth Wright na mwenzake walishaandika namna seramu ya mgonjwa (maji yanayobaki damu ikishaganda) inavyowagandisha bakteria hao pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa maabara au mwanafunzi wa uzamili anayetaka kutengeneza kipimo cha aina hii, au kukijenga upya kile kilichonunuliwa na kikaonekana kutoa majibu ya kubahatisha. Niseme mapema kilichonichukua miaka kukielewa: antijeni, yaani sehemu ya bakteria ambayo kingamwili huishika, inanunulika, mashine inaazimika, lakini damu za watu sahihi hazinunuliki popote. Kipimo husimama au huanguka kwa damu za watu *wasiougua* ulizochagua kukilinganisha nazo.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuagiza chochote

Andika kwa sentensi moja kipimo chako kitamjibu nani, swali gani. "Je, mtu huyu mwenye homa leo anahitaji kutibiwa brusela?" ni swali moja. "Wakazi wangapi wa kijiji hiki wamewahi kukutana na brusela?" ni jingine. "Mgonjwa aliyemaliza dawa amepona, au ugonjwa umerudi?" ni la tatu. Kipimo kimoja hakiyajibu yote matatu vizuri, na ukilazimisha utapata kisichojibu hata moja.

Kingamwili ni nyayo. Ukiamka ukakuta nyayo za fisi kando ya zizi, unajua alipita. Kama bado yuko kichakani au aliondoka juzi, nyayo peke yake hazisemi. Kinachosaidia kukisia ni aina ya nyayo. Kingamwili za IgM hutangulia, ndani ya wiki ya kwanza ya ugonjwa. IgG hufuata katika wiki ya pili hadi ya tatu, hushuka taratibu tiba ikifanya kazi, na hupanda tena ugonjwa ukirudi. Usidanganyike kwamba IgM maana yake ni maambukizi ya jana: inaweza kubaki kwenye damu kwa miezi. Kwa swali la kwanza, basi, utahitaji kupima zote mbili. Kwa swali la pili IgG inatosha. Kwa la tatu, jibu la ndiyo au hapana halifai kitu. Unahitaji kiwango, na unahitaji kukilinganisha na kiwango cha mtu huyohuyo kabla ya dawa.

Fikiria pia gharama ya kukosea. Tiba ya brusela ni doksisaiklini kwa wiki 6, pamoja na rifampisini kwa muda huohuo au sindano za streptomaisini au gentamaisini mwanzoni. Chanya ya uongo ni mtu anayemeza vidonge mwezi mmoja na nusu kwa ugonjwa asiokuwa nao, huku homa yake halisi ikiendelea. Na rifampisini ni dawa ya kifua kikuu, si ya kugawa ovyo. Hasi ya uongo nayo inamrudisha mtu nyumbani na ugonjwa utakaomla viungo na mgongo. Amua sasa ni kosa lipi unaliogopa zaidi, kwa sababu uamuzi huo utakurudia kwenye hatua ya kikomo.

Hatua ya 2: Vibali na usalama

Kwa Tanzania Bara, utafiti wa afya unaotumia damu za watu unahitaji kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, juu ya kile cha taasisi yako. Zanzibar ina utaratibu wake. Kama sampuli zitavuka mpaka, andaa mkataba wa kuhamisha sampuli mapema, maana huo ndio hukwamisha miradi. Fomu ya ridhaa isomeke kwa Kiswahili cha kawaida, na iseme wazi kama damu itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Utaihitaji baadaye, niamini.

Kuhusu usalama sina mzaha. Brucella ni miongoni mwa bakteria wanaoongoza kwa kuambukiza wafanyakazi wa maabara, na vijidudu 10 hadi 100 vikivutwa kwa pumzi vinatosha kuleta ugonjwa. Kumwotesha ni kazi ya maabara ya usalama wa ngazi ya 3. Mazoea yale ya zamani ya kufunua sahani na kunusa yameshawalaza watu wengi. Bahati nzuri, kutengeneza kipimo cha kingamwili hakuhitaji bakteria aliye hai: unanunua antijeni iliyouawa, au protini iliyozalishwa ndani ya bakteria asiye na madhara. Seramu zenyewe zishughulikiwe kwa tahadhari za ngazi ya 2, glavu na koti, na kazi yoyote inayorusha matone ifanyike ndani ya kabati la usalama.

Hatua ya 3: Kusanya damu za watu sahihi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo vipimo vingi huharibikia kabla hata pleti, lile bamba la visima vya kupimia, haijamwagiwa kitu.

Unahitaji makundi manne. La kwanza ni wagonjwa wa kweli: waliothibitishwa kwa uoteshaji wa damu, au kwa damu mbili zilizopishana wiki 4 hadi 6 ambapo taita, yaani kiwango cha kuzimua seramu ambacho bado kinatoa jibu, imepanda mara 4 au zaidi. Usichague wale waliolemewa tu na kulazwa. Hao wana kingamwili nyingi na kipimo chochote kitawaona. Tafuta pia yule mwenye homa ya siku tano anayetembea mwenyewe, maana ndiye atakayeletwa zahanati.

La pili ni wagonjwa wa homa nyingine kutoka eneo lilelile, ambao chanzo cha homa yao kimethibitika: malaria, homa ya matumbo, leptospira, homa ya Q. La tatu ni wazima wanaoishi na mifugo: wakamuaji, wachinjaji, wachungaji, akina mama wanaosaidia mbuzi kuzaa. La nne ni watu wa mjini wasiogusa mifugo, kwa mfano wachangia damu.

Kundi la nne ndilo rahisi kulipata, na ndilo linalodanganya. Nilipojenga ELISA yangu ya kwanza, kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi kwenye pleti, nilitumia damu za wanafunzi wa chuo kama hasi. Matokeo yakapendeza kweli, chanya huku, hasi kule, katikati pamebaki uwazi mpana. Nikapeleka kipimo hichohicho kwa wafugaji wazima wasio na homa yoyote, kikawaita wengi wao wagonjwa. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamekulia zizini, bakteria ameshapita damuni mwao pengine zaidi ya mara moja, na nyayo zimebaki. Mgonjwa wako wa kesho hatatoka bwenini. Atatoka bomani Ngorongoro au Manyara, kwa hiyo hasi zako nazo zitoke huko.

Idadi ya watu ihesabiwe, isikisiwe. Kanuni ya kawaida ni 1.96 mara 1.96, mara kiwango unachotarajia, mara kinachobaki hadi kufika 1, ugawe kwa kiasi cha kosa unalokubali kila upande kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe. Ukitarajia umahususi (sehemu ya wasio wagonjwa wanaotoka hasi) wa asilimia 95 na kukubali kosa la asilimia 3 kila upande, unahitaji watu 203 wasio na brusela. Ukitarajia usikivu (sehemu ya wagonjwa wanaotoka chanya) wa asilimia 90 na kosa la asilimia 5, unahitaji wagonjwa 139 waliothibitishwa. Hiyo 139 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kama wenye brusela ni asilimia 5 ya wenye homa, itabidi upime wenye homa 2,780 ili uwapate. Wengi hugundua hili fedha za mradi zikiwa zimekwisha. Shirikiana na hospitali mbili tatu tangu mwanzo.

Uchukuaji wenyewe ni wa kawaida. Tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache isimame dakika 30 hadi 60, izungushwe kwenye sentrifuji dakika 10, seramu igawanywe kwenye vichupa vidogo vya nusu mililita. Vichupa vidogo ni kwa sababu kila unapogandisha na kuyeyusha unaziumiza kingamwili. Yeyusha kimoja, kitumie, basi. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inafaa kwa wiki chache, ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa miaka. Kijijini kusiko na umeme, damu ikae kwenye kisanduku cha baridi na kamwe isiguse barafu moja kwa moja: damu nzima ikiganda kwa baridi seli hupasuka, seramu inageuka nyekundu, na hutajua tena kama rangi unayoiona ni ya kipimo au ya damu.

Kwenye fomu, jambo linalokosekana kuliko yote ni tarehe ya kuanza homa. Bila hiyo huwezi kusema kipimo chako kinaona ugonjwa kuanzia siku ya ngapi. Andika pia antibiotiki alizomeza, kama anakunywa maziwa mabichi, na kama amegusa mnyama aliyetupa mimba.

Hatua ya 4: Chagua antijeni ukijua udhaifu wake

Vipimo vingi vya brusela hutegemea kitu kimoja: lipopolisakaridi laini, yaani mafuta na sukari vinavyofunika ngozi ya nje ya bakteria, na hasa mnyororo wa sukari unaochomoza nje, unaoitwa mnyororo wa O. Mwili hutengeneza kingamwili nyingi sana dhidi ya mnyororo huo. Ndiyo nguvu yake. Na kwa kuwa Brucella abortus wa ng'ombe na Brucella melitensis wa mbuzi na kondoo wana mnyororo unaofanana kwa kiasi kikubwa, antijeni ya mmoja huwaona wote wawili.

Udhaifu ni kwamba sukari hiyo si yao peke yao. Yersinia enterocolitica aina ya O:9, bakteria wa kuharisha, ana mnyororo ambao kingamwili haziwezi kuutofautisha na wa Brucella. Bakteria wa kipindupindu, baadhi ya aina za Salmonella na E. coli O157 nao hufanana nao kidogo. Mtu aliyeugua tumbo mwezi uliopita anaweza kukupa chanya nzuri kabisa isiyohusiana na mbuzi yeyote.

Wapo pia ambao antijeni laini haiwaoni. Brucella canis wa mbwa hana mnyororo wa O, kadhalika chanjo ya ng'ombe ya RB51. Daktari wa mifugo akijichoma kwa bahati mbaya na sindano ya RB51, usimpe matumaini kwa sababu ELISA yako imetoka hasi. Isitoshe, aina hiyo haisikii rifampisini.

Njia mbadala ni protini. BP26 imejaribiwa sana. Inazalishwa kwa urahisi ndani ya E. coli wa maabara, haihitaji kumgusa Brucella, na haina tatizo la Yersinia. Kasoro yake ni kwamba si kila mgonjwa anatengeneza kingamwili za kutosha dhidi yake, kwa hiyo usikivu hushuka. Ushauri wangu: anza na lipopolisakaridi laini kama kipimo cha kuchuja, halafu protini iwe ya pili kwa waliotoka chanya. Usichanganye zote kwenye kisima kimoja ukidhani utapata mema ya kila moja. Utapata makosa ya zote.

Ukiamua kuchuja lipopolisakaridi mwenyewe kutoka kwa bakteria waliouawa kwa njia ya fenoli ya moto, jihadhari na jambo moja linalowapotosha waliozoea Salmonella: ile ya Brucella abortus hubaki upande wa fenoli, si upande wa maji. Nimeona mtu akimwaga sinki kile alichokitafuta wiki nzima.

Hatua ya 5: Anza na Rose Bengal

Kabla ya pleti na mashine, hakikisha una Rose Bengal inayofanya kazi. Ni jaribio la mgando linalosomwa kwa macho, la bei nafuu, halihitaji umeme, na litakuwa kioo cha kujitazamia unapojenga kilicho kigumu zaidi. Antijeni yake ni Brucella abortus waliouawa, wakatiwa rangi ya waridi na kuwekwa kwenye bafa yenye pH ya 3.65. Uchachu huo una kazi yake: hupunguza mgando usio na maana na kuzipa IgG nafasi ya kugandisha.

Toa antijeni na seramu kwenye friji, ziache zifikie joto la chumba. Watu huruka hapa kwa haraka, na antijeni baridi hugandisha kivivu. Tikisa chupa ya antijeni taratibu. Weka mikrolita 30 za seramu na mikrolita 30 za antijeni kwenye kigae cheupe, changanya kwa kijiti kuwa duara la upana wa kama sentimita 2, kisha yumbisha kigae kwa dakika 4. Soma papo hapo penye mwanga mzuri. Chembechembe zikionekana, ni chanya. Ukingojea dakika ya 8, tone litakauka pembeni na utaona chembechembe ambazo hazipo. Kila kigae kiwe na seramu chanya na hasi zinazojulikana.

Kwa mtu anayeishi na mifugo, usiishie kwenye ndiyo au hapana. Zimua seramu kwa maji ya chumvi mara 2, 4, 8, 16, na uone inagandisha hadi wapi. Inayokoma mapema na inayoendelea mbali si habari moja.

Kuzimua kunakukinga pia na mtego wa jaribio la tyubu, yaani mgando unaotazamwa kwenye tyubu zenye seramu iliyozimuliwa zaidi na zaidi, ambako kingamwili zikizidi mno hufanya mgando ushindwe kutokea kwenye tyubu za mwanzo. Mgonjwa mwenye kingamwili nyingi kuliko wote anasomeka hasi kwa sababu mpimaji aliishia kwenye tyubu ya pili.

Hatua ya 6: Jenga ELISA

Kazi ya kwanza ni kutafuta viwango vya antijeni na seramu vya kufanyia kazi, kwa njia ya ubao wa dama. Kwenye pleti ya visima 96, antijeni ipungue kwa nusu kila safu ukienda kulia, kwa mfano kutoka mikrogramu 2 kwa mililita, na seramu ipungue kwa nusu kila mstari ukishuka, kutoka 1 kwa 50. Pleti moja kwa seramu chanya, nyingine kwa hasi. Usichague kisima chenye rangi kali kuliko vyote. Chagua pale ambapo chanya ukiigawa kwa hasi inatoa namba kubwa. Mara nyingi ni sehemu ya katikati, antijeni haba kuliko ulivyodhani.

Ukishapata, mtiririko ni huu. Antijeni kwenye bafa ya kaboneti ya pH 9.6, mikrolita 100 kila kisima, usiku kucha friji nyuzi 4. Osha mara 3 kwa maji ya chumvi yenye bafa na Tween kidogo, aina ya sabuni. Ziba nafasi zilizobaki kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta au albumini ya ng'ombe, saa 1. Seramu iliyozimuliwa, kwa kawaida karibu na 1 kwa 100, saa 1 kwa nyuzi 37. Osha. Kingamwili ya pili inayotambua IgG au IgM ya binadamu, iliyofungwa kimeng'enya cha peroksidesi, saa 1. Osha tena, mara 5 sasa. Ongeza TMB, kitendanishi kinachobadilishwa rangi na kimeng'enya hicho, gizani. Rangi ya bluu itakuja. Baada ya dakika 10 hadi 15 simamisha kwa asidi ya salfa, bluu inageuka njano, soma kwa wimbi la nanomita 450.

Mambo yanayoharibu. Pleti nzima ikitoka nyeupe, hata kwenye chanya, ulizia kwanza nani alitengeneza bafa ya kuoshea: sodiamu azaidi, inayowekwa kuzuia ukungu, huua peroksidesi kabisa. Niliwahi kutupa kazi ya siku tatu kwa sababu ya chupa iliyoandikwa "bafa" tu. Pleti ikitoka njano kila mahali, hukuziba vizuri au hukuosha vizuri. Visima vya pembeni vikisoma tofauti na vya katikati, vimekauka. Funika pleti, na tumia inkubeta badala ya meza, kwa maana joto la asubuhi na la mchana katika chumba kimoja havilingani.

Kwa IgM kuna mgeni mwingine: kingamwili ya baridi yabisi, ambayo ni IgM inayong'ang'ania IgG za mtu mwenyewe. Mgonjwa mwenye IgG nyingi za brusela na baridi yabisi atasomeka kana kwamba ana IgM ya brusela. Ondoa IgG kwenye seramu kwanza kwa kitendanishi cha kuzifyonza, au jenga kipimo kinachonasa IgM zote kwanza ndipo kiulize ni ipi ya brusela.

Kila pleti iwe na chanya kali, chanya dhaifu, hasi, na kisima kisicho na seramu, kila kimoja mara mbili. Usiripoti usomaji wa rangi ghafi. Toa hasi kwenye sampuli, toa hasi kwenye chanya, gawa ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 100. Namba hiyo inalinganishika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Ile ghafi hailinganishiki.

Hatua ya 7: Weka kikomo, kwa data za hapa

Kikomo ni namba ambayo juu yake unasema chanya. Njia ya mkato ni kuchukua wastani wa hasi na kuongeza mikengeuko sanifu 3. Inafaa kama hasi zako zimejipanga vizuri kuzunguka wastani, na za wafugaji hazijipangi hivyo kamwe: zina mkia mrefu upande wa juu. Bora uchore mkondo unaoonyesha usikivu na umahususi kwa kila kikomo kinachowezekana, kisha uchague kwa kurejea lile kosa uliloliogopa katika hatua ya kwanza.

Tuseme umepata usikivu wa asilimia 95 na umahususi wa asilimia 95. Wapime watu 2,000 wenye homa, ambapo asilimia 5 wana brusela. Wagonjwa ni 100, unawapata 95. Wasio wagonjwa ni 1,900, na asilimia 5 yao, yaani watu 95, wanatoka chanya. Kila chanya mbili, moja ni ya uongo. Ukienda mahali ambapo ni asilimia 1 tu wana brusela, wagonjwa ni 20 na unapata 19, lakini chanya za uongo ni 99. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Watu ndio waliobadilika. Kwa hiyo kikomo kilichoandikwa kwenye kijikaratasi cha boksi lililotoka mbali ni pendekezo tu, na sote tunajua yaliyoipata Widal, kile kipimo cha kingamwili za taifodi, katika zahanati zetu: taita moja, siku moja, na kila mwenye homa ana taifodi.

Acha ukanda wa mashaka kati ya hasi na chanya. Anayeangukia humo arudi baada ya wiki 2 au 3 apimwe damu ya pili sambamba na ile ya kwanza, pleti moja, siku moja.

Hatua ya 8: Kijaribu kikiwa kipofu

Mtu mwingine azipe sampuli namba mpya, wewe usijue ipi ni ya nani. Rudia sampuli zilezile ndani ya pleti na katika siku tofauti. Tofauti ndani ya pleti isizidi asilimia 10 na kati ya pleti asilimia 15, vinginevyo rudi hatua ya 6. Kisha kipeleke kwa wagonjwa wapya wa homa wanaofika mfululizo, bila kuchagua.

Tatizo litakalokusumbua ni kwamba kipimo rejea chenyewe ni kibovu. Uoteshaji wa damu hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo baadhi ya "chanya za uongo" zako ni wagonjwa wa kweli walioponyoka. Suluhisho si kubadilisha majibu baada ya kuona. Kuna mbinu ya takwimu inayokubali tangu mwanzo kwamba hakuna kipimo kilichokamilika, na inakadiria ubora wa kila kimoja kwa kuangalia vinavyokubaliana na kupingana. Mtafute mwanatakwimu kabla ya kukusanya, si baada. Unapoandika ripoti, fuata orodha ya STARD ya mwaka 2015, inayotaja mambo ya kuripoti katika utafiti wa vipimo.

Hatua ya 9: Zahanatini

ELISA haitaishi zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Huko inafaa Rose Bengal, au kipande cha karatasi chenye mstari. Chochote utakachopeleka, kihifadhi wiki kadhaa kwenye joto la nyuzi 40 kisha ukipime upya na chanya *dhaifu*, kwani chanya kali itaonekana hata kipimo kikiwa kimeshakufa nusu. Wape watumiaji halisi, muuguzi na mhudumu wa maabara, wasome vipande vilevile kila mmoja peke yake, uone wanakubaliana mara ngapi. Kabla ya kuuza au kusambaza, vitendanishi husajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na faili watakayoomba ni hilohilo ulilokuwa ukilijaza tangu hatua ya 3.

Fomu ya jibu isiandikwe "chanya" peke yake. Iandikwe kiwango, siku ya ngapi ya homa, na kama mgonjwa anaishi na mifugo.

Na vile vichupa vya nusu mililita, tenga 50 visivyoguswa: chanya kali, chanya dhaifu, wafugaji wazima, wenye homa nyingine. Kila shehena mpya ya antijeni au kingamwili ya pili ikifika, pima seti hiyo kwa shehena ya zamani na mpya kwenye pleti moja. Majibu yakitofautiana, shehena mpya irudishwe ilikotoka.